Nani Aliliona Bonde la Lowa?

Mto Osso unaanzia katika milima ya Masisi, mashariki mwa Congo, na kuteremka upande wa magharibi hadi unakutana na Mto Lowa katika nchi ya Walikale. Lowa nao unaupasua msitu mpaka unaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Congo. Maneno hayo ni ya kweli, na mwenye ramani anaweza kuyasoma akiwa Goma, Nairobi au Brussels bila kulowa hata ukucha. Lakini yana jambo moja linalosumbua akili: hayana msemaji. Mtu akituambia kwamba aliuona mto, tunamuuliza alisimama wapi, alifuatana na nani, ulikuwa msimu wa mvua au wa jua. Ramani hatuiulizi hivyo. Tunaisoma kana kwamba bonde limejichora lenyewe, limeonwa lote kwa mara moja na jicho lisilo na kichwa wala miguu. Waislamu na Wakristo wa nchi hizi wanajua kuona kwa namna hiyo ni sifa ya nani: yuko Mmoja tu anayeona bila kusimama mahali. Ninachodai ni kwamba ramani ya bonde ni ushahidi wa watu waliosimama mahali fulani, na kwamba madhara yaliyopitia mkono wa ramani huko Masisi na Walikale hayakuletwa hasa na vipimo vibaya. Yaliletwa na kuupokea ushahidi huo kama jicho la Mungu.

Tuanze na mstari. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya Dola Huru ya Congo. Sehemu ya mpaka wa mashariki ilitajwa kuwa ni mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi pale longitudo ya digrii 30 mashariki inapokutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Hadi siku hiyo hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu. Habari zake zilikuwa za kusikia. Mstari ule uliikata Rwanda na kuliacha ziwa lote upande wa Leopold, ilhali mikono iliyouchora haikujua umbo la kitu kilichokuwa kinakatwa. Wajerumani walipofika na kuona, walidai mpaka ufuate maji na milima, na ugomvi ukavutwa hadi mkataba wa Brussels wa Mei 1910, ambao uliupitisha mpaka katika Mto Ruzizi, katikati ya ziwa na juu ya vilele vya Virunga. Robo karne nzima. Kinachostahili kutazamwa hapo ni namna ujinga ulivyovaa nguo za usahihi. "Digrii 1 na dakika 20" ni kauli kamili isiyo na shaka ndani yake. Hakuna mzee wa kijiji ambaye angethubutu kuutaja mpaka kwa uhakika wa namna hiyo, maana mzee angejua kuna mabonde ambayo hajayapita. Namba ilikuwa sahihi na mahali palikuwa hapajulikani, na vyote viwili vilikaa katika sentensi moja bila kugombana.

Msafiri aliyekuja kulijaza pengo hilo, Gustav Adolf von Götzen, aliondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 na msafara wa wapagazi, akapita Rwanda, akapanda Nyiragongo katikati ya mwaka 1894, akaliona Ziwa Kivu, kisha akaingia misitu ya magharibi kupitia nchi ya Lowa hadi Mto Congo. (Huyu ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905; baadhi ya wachora ramani wa zama zile walirudi wakiwa watawala.) Wasafiri wa kizazi chake walipima nchi kwa dira, saa na miguu: umbali ulihesabiwa kwa saa za kutembea, na mwinuko kwa barometa au kwa kuchemsha maji, kwa sababu kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Ramani inayopatikana hivyo ni uzi mwembamba: njia moja, na kila upande weupe. Hata uzi huo haukusokotwa na mtu mmoja. Njia ilionyeshwa na viongozi wa njia, na majina ya mito yalitoka vinywani mwao, mara nyingi kupitia mkalimani na lugha ya tatu. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kufika pande za Lowa kutokea Manyema pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, kwa njia ambazo karatasi hazikuwa nazo. Kwa hiyo kila jina la kijito katika ramani za mwanzo ni jibu la swali lililoulizwa kwa mtu fulani, pengine aliyechoka, pengine aliyeogopa, pengine aliyetaka wageni wapite upesi waende zao. Ulaya iliziita ramani hizo ugunduzi. Zilikuwa nukuu zisizomtaja aliyenukuliwa.

Je, kuna ubaya gani mpaka hapo? Shahidi anaweza kusahau kuwataja waliomweleza na bado akasema kweli. Ubaya unaanzia pale weupe wa karatasi unapogeuka kuwa weupe wa nchi. Amri ya tarehe 1 Julai 1885, mwezi mmoja tu kabla ya tangazo la mipaka, ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Nani angejua ardhi ipi haina mwenyewe? Aliyeitazama kwa jicho la nje: hapana nyumba, hapana shamba, basi hapana mtu. Lakini katika nchi ya Wanyanga wa Walikale, watu wa uwindaji na migomba, msitu uliokaa kimya ni mahali pa mitego na nyavu, na una wenyewe wanaojulikana kwa majina. Katika milima ya Wahunde wa Masisi, shamba lililolala miaka kadhaa limepumzishwa, na aliyelipumzisha anajulikana. Kutokuwapo kwa alama ni matumizi. Ni sawa na kimya katika mazungumzo, ambacho ni sehemu ya maneno; anayeandika sauti tu atadhani watu waliacha kuzungumza. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu na kukabidhiwa madaraka juu ya maeneo makubwa ya ardhi kwa ajili ya walowezi. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 Wabelgiji waliendesha mpango wa kuwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wakisema kwamba huko watu wamebanana na huku milima ina nafasi, nao walowezi wanahitaji vibarua. Wageni wakapewa uchifu wao wa Gishari katika ardhi ya Wahunde, kisha mwaka 1957 uchifu huo ukafutwa. Kwa hiyo kalamu moja iliwafanya wenyeji wasionekane, na kalamu hiyohiyo miaka ishirini baadaye ikawafanya wahamiaji wakose mahali pa kuandikwa. Si haki kusema ramani ndiyo iliyoua watu katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, vita kati ya waliojiita wenyeji na walioitwa wahamiaji vilipoanza na kupanda hadi Masisi. Watu waliua watu, kwa sababu nyingi na kwa amri za wenye majina. Lakini swali lililokuwa likigombewa, nani ni wa hapa, lilikuwa limeandaliwa zamani na watu walioiangalia milima yenye watu wakasoma nafasi.

Mtu wa sayansi atanijibu kwamba nazungumzia ujinga wa zamani. Barometa na uzi vimepita; baadaye zilikuja picha za ndege, kisha setilaiti, na mashine haina kabila wala tamaa. Jibu hili lina nguvu, na linastahili kutazamwa kwa makini. Picha mbili za ndege zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti zikitazamwa pamoja, kila jicho na picha yake, milima huinuka kutoka kwenye karatasi, na mpimaji anaweza kufuata mwinuko mmoja kwa nukta ya mwanga na kuchora kontua. Kontua ni kitu cha ajabu: ni mstari ambao hakuna aliyewahi kuuona, hauko mlimani, na bado ni kweli. Katika vilima vya Masisi vilivyofyekwa kwa mashamba na malisho njia hii inafanya kazi vizuri, kwa kuwa udongo uko wazi. Lakini teremka Walikale. Huko ndege haioni ardhi, inaona majani. Vilele vya miti vimekaa makumi ya mita juu ya udongo, na vijito vidogo vinapita chini ya paa hilo bila kutokea hata mara moja. Mchoraji inambidi akisie urefu wa miti na kuutoa. Hata chombo cha anga cha Marekani kilichozunguka dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000 kikipima miinuko kwa rada, juu ya msitu mnene mawimbi yake yalirudi zaidi kutoka katika matawi kuliko kutoka chini. Data hizo zimetumika katika ramani nyingi ambazo watu wanazifungua leo katika simu. Kwa hiyo mashine nayo imesimama mahali: juu, juu kabisa, ambapo msitu ni zulia. Haina kabila, sawa. Lakini ina upande, na upande wake ni ule ambao mtu wa chini ya miti haonekani. Tena ardhi yenyewe haikai isubiri kupimwa. Volkeno za Virunga zilipoinuka ziliyafunga maji yaliyokuwa yakienda kaskazini, Ziwa Kivu likageukia kusini kupitia Ruzizi. Na katika mlipuko wa Nyamulagira wa miaka ya 1938 hadi 1940, lava ilifika ziwani karibu na Sake, upande wa Masisi, ikabadilisha ufuo. Karatasi iliyochorwa mwaka 1937 ikawa historia kabla wino haujazeeka.

Hapa Wanyanga wenyewe wana la kusema, na walilisema mapema kuliko wengi wetu. Mwaka 1956 manju Rureke alimsimulia, akimwimbia na kumchezea, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili. Wanyanga huuita utendi wa namna hiyo karisi, na baadaye Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha. Ukiusoma kama kitabu cha jiografia unashangaa. Mtoto Mwindo, aliyekataliwa na baba yake Shemwindo, anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Badala ya kuchukuliwa na mkondo anaupandisha mto, akipambana na viumbe wa majini wanaomziba njia, hadi kwa shangazi yake Iyangura. Kisha anamfuata baba yake chini ya ardhi. Bonde katika simulizi hilo linajulikana kwa kupandwa na kushukwa, kwa vizuizi na kwa undugu. Mto ni njia ya kwenda kwa shangazi. Lakini ajabu zaidi iko mwishoni. Mwindo, akiwa amekwisha kushinda, anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, mwenye radi, na Nkuba anamnyakua na kumpeleka juu. Anakaa huko mwaka mzima, akipigwa na baridi, upepo, mvua, mvua ya mawe, mwezi na jua. Anashuka akiwa mtu mwingine, na sheria anazowapa watu wake zinahusu mipaka ya wanachoruhusiwa kutenda. Basi muongo uleule ambao ndege za wapimaji zilikuwa zikipita juu ya Congo, simulizi la bonde la Lowa lilikuwa na nadharia yake ya kuona kutoka juu. Aliyepandishwa juu ya mawingu hushuka na wajibu, akiwa ameumia na kunyenyekezwa. Hashuki na hati ya kumiliki.

Msomaji mkali ataniuliza: unasifu masimulizi ya wazee kana kwamba hayana mkono wao? Kumbukumbu ya mdomo nayo huwatoa watu nje ya mpaka. Mzee wa ukoo akisimulia jinsi babu yake alivyoukata msitu huu, mara nyingi Watwa waliokuwamo kabla ya babu wanapita katika hadithi kama kivuli, na mjukuu wa mhamiaji wa mwaka 1940, aliyezaliwa Masisi na kuwazika wazazi wake Masisi, hamo kabisa. Pingamizi hili nalikubali bila kupunguza neno. Wala silijibu kwa kusema simulizi ni bora kuliko karatasi. Ninasema simulizi limeweka shahidi wake wazi. Mzee anaposema "babu yangu alipanda mti huu", yupo pale. Anaweza kuulizwa, kubishiwa, kuapishwa, hata kuaibishwa na jirani anayekumbuka vingine. Uongo wake una uso. Torati inamlaani anayehamisha jiwe la mpaka wa jirani, na laana ya namna hiyo inamhitaji mtu wa kuangukiwa. Haiwezi kuangukia mstari usio na mchoraji. Sheria ya Kiislamu nayo hailichukui neno la shahidi bila kuichunguza hali yake. Ramani huomba msamaha wa sharti hilo. Inataka kuaminiwa bila kuhojiwa, na hapo ndipo inapojipandisha cheo kisicho chake.

Pingamizi jingine linatoka katika dini yenyewe. Si Adamu aliyepewa kazi ya kutaja majina? Kama mwanadamu ni khalifa duniani, basi kuipima na kuiandika ni ibada. Nakubaliana na mwanzo wa hoja hii kabisa. Lakini tazama masimulizi yote mawili yanavyokwenda. Katika Biblia wanyama wanaletwa mbele ya Adamu, naye anawapa majina akiwa amekabiliana nao, mmoja mmoja. Katika Kurani anafundishwa majina, hayabuni, anayapokea. Kote kuwili hakuna jina linalotolewa kwa mbali kwa kitu ambacho hakijaonwa, na kote kuwili kutaja si kumiliki. Mchora ramani anayepanda hadi kijijini na kuuliza kijito hiki kinaitwaje, na ng'ambo ya kilima wanakiitaje, yuko karibu na Adamu kuliko anavyojua. Ndiyo maana sina ugomvi na vijana wanaochora njia na vijiji vya Kivu katika ramani huria za intaneti ili chanjo na dawa zifike. Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini mwaka 2018, kijiji kisichokuwa kwenye ramani kilikuwa kijiji ambacho timu ingeweza kukikosa. Kuandikwa kunaweza kuokoa maisha, na kukataa ramani kwa jina la utu wa mwenyeji ni anasa ya mtu aliye na hospitali karibu. Lakini ona jinsi kazi hiyo inavyofanyika vizuri: nyumba zinachorwa kutoka picha za angani, na majina yanasubiri hadi mtu wa pale ayaseme. Picha inatoa paa. Jina linatoka mdomoni.

Sasa linganisha na mraba. Sheria ya madini ya Congo ya mwaka 2002 iliigawa nchi nzima katika miraba ya sekunde 30 kwa sekunde 30, kila mmoja karibu hekta 85, na leseni ya uchimbaji ni miraba kadhaa iliyoshikana. Ni mpango safi, na kwa kweli ulibuniwa kuzuia udanganyifu. Naupa haki yake. Hata hivyo pingu za digrii na dakika za mwaka 1885 zimerudi, ndogo zaidi na nyingi zaidi. Mraba haujui mteremko. Unaweza kulikata bonde katikati, ukaacha machimbo ndani na kijito kinachobeba tope lake nje. Mwenye leseni anawajibika ndani ya mraba wake, na maji hayana habari. Huko Bisie katika Walikale, maelfu ya wachimbaji wa mkono waliingia kuanzia mwaka 2002 na kuchimba madini ya bati msituni, na miaka mingi ilipita ambapo karatasi ilisema kitu kimoja na mlima ukasema kingine. Wote wawili walikuwa na hoja. Mmoja alikuwa na namba, mwingine alikuwa na shimo.

Chini ya haya yote kuna kifungu kimoja cha sheria. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na kifungu chake cha 389 kikasema haki za watu wanaokalia ardhi kwa mila zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa kwa miongo mingi. Zile nafasi nyeupe za ramani ya zamani zilihamia katika kitabu cha sheria: mahali palipopaswa kuandikwa wakulima wa Masisi na wawindaji wa Walikale, wenyeji na wahamiaji, paliachwa wazi. Ukitaka kujua kilichopo katika uwazi huo, kuna maeneo ya utawala wa jadi huko Walikale yanayoitwa Walowa-Yungu, Walowa-Uroba na Walowa-Loanda, watu waliochukua jina kutoka mto. Katika orodha za serikali ni maneno matatu yenye nambari. Mpaka kati yao hauko kwenye kontua yoyote. Muulize mkazi wa hapo, naye atauliza kwanza unatokea upande upi wa mto.